Pleti namba ya chuo kimoja tu: kisa cha California na ukuta wa maombi 5,000

Muhula ulipoanza nilimpeleka binti wa dada yangu chuoni kwake, moja ya zile Cal State, yaani vyuo vikuu vya umma vya mfumo wa California State University, za huku kusini mwa California, na kwa vile foleni ya kuingia parking ilikuwa haisogei nikabaki nasoma pleti za magari yaliyo mbele yangu, si unajua mtu ukikwama kwenye foleni unasoma chochote. La kwanza lina ile pleti ya mkia wa nyangumi, la pili ya kawaida, la tatu lina picha ya Yosemite, la nne lina pleti ya UCLA, yaani kampasi ya University of California iliyoko Los Angeles. Pleti ya chuo cha watu wengine kabisa, ndani ya parking ya chuo chetu. Nikamuuliza, mbona sijaona hata moja ya kwenu? Akanionyesha gari la pembeni, pleti ya kawaida kabisa ila imezungushiwa fremu ya plastiki, jina la chuo limeandikwa juu na chini yake wameandika kwamba mwenye gari ni mhitimu. "Yetu ndo hiyo mjomba, inauzwa dukani pale kwenye vitabu."

Ile fremu imenikaa kichwani mpaka leo, mana watu wengi wanaiona fremu na pleti kama kitu kimoja na kumbe ni mbali mbali kama mbingu na ardhi. Fremu ni biashara. Unaitoa dukani, unaifunga na bisibisi, na ilimradi haijaziba namba wala stika za usajili polisi hana neno na wewe, ila hakuna kifungu chochote cha sheria ya magari kinachosema senti ya ile fremu imfikie mwanafunzi asiye na hela. Pleti inatolewa na serikali ya jimbo, na ikiwa ni ya chuo basi sheria ya California imeshaandika hela yake iende wapi, hatua kwa hatua, mpaka kwa mwanafunzi mwenyewe. Kwaiyo swali la kwa nini chuo hiki kina pleti na kile kina fremu ni swali la nani anapata skolashipu na nani hapati, na ndo maana nimekaa nikaifuatilia hii ishu mpaka nikasoma kifungu chenyewe.

Kwa asiyejua mambo ya huku: Marekani hakuna pleti namba ya nchi nzima, kila jimbo lina za kwake, rangi zake, maandishi yake, na idara yake ya magari, ya hapa inaitwa DMV. Ukisajili gari unapewa pleti za kawaida ndani ya ada yako. Ukitaka za aina maalum unaongeza hela juu, na mwaka ujao ukilipia usajili unaongeza tena, na sehemu ya ile nyongeza inaenda kwenye jambo ambalo sheria imelitaja, iwe pwani, hifadhi, watoto, sanaa, au vyuo. Nyumbani Tanzania tunazijua namba binafsi, mtu analipa hela ndefu jina lake likae kwenye gari na hela inaingia serikalini, imeisha hiyo. Huku unapolipia pleti maalum kuna mtu upande wa pili anayeisubiri hela yako.

Sasa kifungu. Ni cha 5024 kwenye sheria ya magari ya California. Kinasema chuo chochote cha jimbo hili, cha umma au binafsi, ambacho kina ithibati au kimekubaliwa kuwa mbioni kuipata, kinaweza kuiambia DMV kwamba kinataka kuingia kwenye mpango wa pleti za vyuo na kuleta nembo yake. Mpaka hapo safi kabisa, mlango uko wazi kwa wote. Halafu ndo unakutana na ukuta: hakuna chuo kitakachoingia mpaka yapatikane maombi yasiyopungua 5,000 ya pleti zenye nembo ya chuo hicho. Na maombi hayo hayapelekwi DMV moja moja, chuo chenyewe ndo kinayakusanya, kinayatunza, kinashika na hela za watu, mpaka yafike 5,000 ndo kinapeleka mzigo wote kwa pamoja.

Na saa inahesabu. Ombi la kwanza likishapokelewa chuo kina mwaka mmoja wa kalenda kukamilisha. Mwaka ukiisha namba haijatimia, chuo kina njia mbili, ama kirudishe hela za kila mtu palepale, ama kiwaandikie waombaji wote kuwaambia kwamba kinaendelea kukusanya kwa mwaka mwingine mmoja, na atakayesema mimi nirudishieni changu arudishiwe. Zaidi ya miaka miwili tangu ombi la kwanza hairuhusiwi kabisa. Yaani ukifika maombi 4,900 siku ya mwisho, umefeli, unarudisha hela kwa watu 4,900.

Naomba tukae hapa kidogo kwa sababu hapa ndo penye kiini cha kisa. Mfikirie mtu mmoja mwenye meza kwenye ofisi ya wahitimu ya chuo kidogo. Ndiye anayetuma barua za wahitimu, ndiye anayeandaa sherehe ya kila mwaka, ndiye anayepokea simu za watu waliopoteza vyeti. Leo unamwambia akusanye fomu 5,000 kwa mwaka mmoja, kila fomu na dola 50 zake, azitunze vizuri kwenye akaunti, ajue nani kahama, nani kauza gari, nani kahamia jimbo jingine na hastahili tena, na ajue kabisa kwamba akishindwa kazi itageuka kuwa ya kurudisha cheki moja moja. Mwenye akili timamu ataangalia hiyo hesabu na kuagiza fremu za plastiki. Na upande wa mnunuzi pia, nani anatoa dola 50 leo kwa kitu ambacho huenda akakiona baada ya miaka miwili au asikione kabisa? Anayefanya hivyo ni mtu anayekipenda chuo kupita kiasi, na wa aina hiyo wako kila chuo, ila kufika 5,000 unahitaji chuo chenye wahitimu laki kadhaa.

Ndo ikawa hivyo. Chuo kilichofika 5,000 ni UCLA. Kimoja. California yote, jimbo lenye watu wengi kuliko majimbo yote ya Marekani, lenye kampasi 10 za University of California, lenye Cal State ishirini na kitu, lenye vyuo vya kati vya jamii zaidi ya 100, lenye Stanford na USC na vyuo binafsi kibao, ukienda kuagiza pleti ya chuo unakuta jina moja tu. Hata Berkeley, kampasi mama iliyoanza 1868, miaka 51 kabla ya UCLA kuanzishwa 1919, haimo.

Siwalaumu UCLA hata kidogo, na nasema hivi nikimaanisha. Walipewa masharti, wakayatimiza, na wahitimu wao wakajitokeza. Ni chuo kikubwa, kipo katikati ya jiji la magari, wahitimu wake wengi wamebaki humuhumu Los Angeles na kila mmoja ana gari, wengine matatu nyumbani. Na sisi waswahili tuna sababu ya kuwapenda mana ni miongoni mwa vyuo vilivyofundisha Kiswahili Marekani kwa miaka mingi sana. Kinachoniuma ni sheria iliyoandikwa kama kwamba vyuo vyote ni UCLA.

Twende kwenye hela, mana hapo watu huwa wanadhani ni mamilioni. Pleti za chuo zenye namba za kawaida, nyongeza yake ni dola 50 mara ya kwanza na dola 40 kila mwaka unapolipia tena. Kwanza DMV inatoa gharama zake. Kinachobaki kinagawanywa mara mbili sawasawa, nusu inaingia kwenye mfuko wa pleti za vyuo na nusu nyingine inaenda mfuko wa maliasili, ambao kazi yake kisheria ni kuhifadhi, kuboresha na kurejesha maliasili za jimbo. Ndiyo, nusu ya pleti yako ya chuo inaenda kwenye mazingira. Wengi wanaonunua sidhani kama wanalijua hilo, na mimi mazingira nayapenda lakini mkia wa nyangumi si upo, tangu 1997 unachangia pwani, anayetaka kuchangia bahari ana pleti yake.

Tupige hesabu. Maombi 5,000 mara dola 50 ni dola 250,000. Hata tuseme DMV hawakukata hata senti, chuo hakiwezi kuzidi dola 125,000 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wote wakibaki ni 5,000 mara 40, dola 200,000, nusu yake 100,000. Hapo ni dari, chini ya hapo ndo uhalisia. Sasa sheria inasema kwa chuo cha umma hela hii iende kwenye skolashipu za wenye uhitaji, zitolewe kwa kufuata miongozo ya serikali kuu ya misaada ya wanafunzi, bila kuangalia rangi, dini, imani, jinsia wala umri. Kwa vyuo binafsi visivyo vya faida hela haiendi chuoni moja kwa moja, inapitia tume ya jimbo ya misaada ya wanafunzi ambayo inawapa wanafunzi wa chuo husika waliothibitisha uhitaji kwa vigezo vya Cal Grant, ule msaada wa jimbo kwa wanafunzi. Hiki kipengele nakisifu kwa moyo wote. Hakuna hela ya kujenga uwanja wa mpira, hakuna ya kumlipa kocha, yote inaenda kwa mtoto ambaye familia yake haina. Kwa dola 1,000 kila mmoja, laki moja ni wanafunzi 100. Na dola 1,000 kwa mwanafunzi wa huku ni vitabu, ni mafuta ya gari la kwenda shifti ya usiku na kurudi darasani asubuhi, wakati mwingine ndo tofauti ya kubaki chuo na kuacha.

Geuza sasa hesabu kwa chuo kidogo. Tuseme kampasi imepata watu 600 wa kununua, namba ambayo hata chuo cha kawaida kinaweza kuifikiria bila kuota ndoto. 600 mara 40 ni dola 24,000, nusu ni 12,000. Wanafunzi 12. Mtu atasema 12 ni wachache, usumbufu wote huo wa nini, ila hebu nenda kamwambie mmoja wa hao 12 kwamba yeye ni usumbufu. Kwa sheria ilivyo wale 600 hela zao zinarudishwa, na wale 12 hawajui hata kwamba walikuwa wapate kitu.

Kuna mfano mmoja ambao kila nikiufikiria naona jinsi ile namba isivyo na uhusiano na maisha ya vyuo. Pale Vallejo kulikuwa na chuo cha mabaharia, Cal Maritime, kilianza 1929, chuo cha umma kabisa ndani ya mfumo wa Cal State, na mwaka 2025 kikaunganishwa na Cal Poly ya San Luis Obispo kwa sababu wanafunzi walikuwa wamepungua mno. Miaka yake ya mwisho kilikuwa na wanafunzi chini ya 1,000. Ili kifike maombi 5,000 kila mwanafunzi angetakiwa awe na magari zaidi ya matano, ama uwaite wahitimu waliotawanyika kwenye meli za dunia nzima warudi California kusajili magari. Chuo chenye miaka karibu 100, kinachotoa manahodha na mainjinia wa meli, mbele ya kifungu cha 5024 ni kama hakijawahi kuwepo. Au chuo kikuu cha Charles R. Drew pale Willowbrook kusini mwa Los Angeles, kilianzishwa 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts uliopo jirani, kwa ajili ya kufundisha watu wa afya watakaohudumia mitaa iliyosahaulika. Wanafunzi wake ndo hasa wale ambao kipengele cha uhitaji kiliandikwa kwa ajili yao. Chuo kidogo. Ukuta ni uleule wa 5,000.

Haki iongelewe pande zote, kuna sababu za kuweka kiwango cha chini na si za kipuuzi. Kila aina mpya ya pleti ina gharama ya kuandaa, kuchora, kuingiza kwenye mfumo, na pleti za California zinatengenezwa na wafungwa kwenye gereza la Folsom, kwaiyo kubadilisha zana kwa ajili ya pleti 40 tu ni hasara ya walipa kodi wote. Polisi nao wanataka pleti wanayoitambua kwa jicho moja usiku gari likiwa kasi, pleti zikiwa za aina mia mia jicho linachanganyikiwa. Kwaiyo kusema kila chuo kipewe bila idadi yoyote itakuwa ni kukurupuka. Swali langu ni kwamba mbona wenzetu wa majimbo mengine wana polisi hao hao, wana gharama hizo hizo, na hawakufika 5,000?

Virginia wao wanataka maombi 450 yaliyolipiwa kabla. Mia nne na hamsini! Nyongeza yao ni dola 25 kwa mwaka, na pleti 1,000 za mwanzo chuo hakipati kitu, serikali inakula yote kufidia gharama zake, baada ya hapo kwenye kila dola 25 chuo kinapata 15 kwa ajili ya skolashipu. Hii ina ubaya wake, chuo chenye pleti 800 kinabaki kinatangaza jina tu bila hela, ila angalia walivyofikiri: mlango mfupi wa kuingia, gharama za serikali zinalindwa ukiwa tayari uko ndani, na chuo kina muda wote wa dunia kukua kutoka 450 kwenda 1,000 huku pleti zake ziko barabarani zinajitangaza zenyewe. California imekupa miaka miwili ukiwa huna hata pleti moja ya kumwonyesha mtu.

Ohio wanatoza dola 35, kwa hizo 25 zinaenda chuoni kwa skolashipu na 10 inabaki idara ya magari. Alabama ndo kabisa, nyongeza ni dola 50 na chuo kinapata 48 na senti 75, karibu yote. Kule Auburn na University of Alabama ushindani wa mpira wao ni kama Simba na Yanga, mtu hawezi kukubali jirani ajaze mtaa na rangi zake yeye akae kimya, ule ushabiki wote unaishia kuwa ada ya mtoto wa mtu. Ukiweka Alabama na California pembeni kwa pembeni, dola 50 ileile, huku inabaki chini ya 25 kwa chuo na kule karibu 49. Sasa hapo nani anapenda elimu zaidi sijui, ila najua nani kaandika sheria kwa kumfikiria mwanafunzi.

Kuna jambo la mahakamani ambalo kwangu ndo linakifanya kisa hiki kiwe kizito kuliko kinavyoonekana. Mwaka 2015, tarehe 18 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Texas, kundi la vizazi vya wanajeshi wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe walitaka pleti yenye bendera yao ya vita, bodi ya Texas ikawakatalia, kesi ikapanda mpaka juu. Majaji 5 kwa 4 wakasema Texas ilikuwa na haki kukataa kwa sababu kilichoandikwa kwenye pleti maalum ni kauli ya serikali yenyewe, si ya mwenye gari. Jaji Breyer aliyeandika uamuzi akatumia mfano wa vyuo, kwamba Texas inatoa pleti za kusifia vyuo ambavyo watu wake wamesoma, na hilo haliilazimishi kutoa pleti za kubeza shule. Jaji Alito akapinga, naye akaja na mfano wa vyuo vilevile: kaa pembeni ya barabara Texas msimu wa mpira unapoanza, utaona pleti za Texas zenye majina ya wapinzani wa University of Texas, Oklahoma, Notre Dame, Kansas State, je utadhani serikali ya Texas inawashangilia wapinzani? Texas wakati huo ilikuwa na aina zaidi ya 350.

Mimi moyoni nilikuwa naelekea kwa Alito, mtu anayeona pleti ya chuo anafikiria huyu jamaa kasoma pale, hafikirii gavana. Lakini sheria ni ile iliyoshinda, ni kauli ya serikali. Basi tuichukue hivyohivyo na tuilete California. Kama pleti ni sauti ya jimbo, jimbo la California limefungua mdomo kuhusu vyuo vyake na limetaja jina moja. Serikali ya jimbo ndiyo mwenye Cal State zote, ndiyo inayozilipia, bajeti inapita bungeni Sacramento kila mwaka, halafu barabarani inazitambua kwa ukimya. Ukisema ni kauli ya serikali huwezi tena kusema ah ni wanunuzi tu hawakujitokeza. Wanunuzi hawapangi namba 5,000, imepangwa na bunge.

Na California yenyewe ilishawahi kulazimishwa kurekebisha sheria zake za pleti, kwaiyo asiseme mtu kwamba haiwezekani. 2004 jaji wa mahakama ya shirikisho huku aliubatilisha utaratibu wa pleti za makundi maalum, kulikuwa na kundi la kupinga utoaji mimba lililotaka pleti yake, na hoja iliyopita ni kwamba bunge lilikuwa linachagua nani apate na nani akose bila kipimo chochote. 2006 ikapitishwa sheria mpya, sasa wanaoweza kudhamini pleti maalum ni taasisi za serikali ya jimbo peke yake na wanatakiwa maombi 7,500. Bunge lilikaa likaangalia upya pleti maalum, na kwenye sheria hiyo idadi ni kubwa kuliko ya vyuo. Cha vyuo kikabaki na 5,000 zake.

Ningekuwa na mbunge wa kumshika mkono ningemwomba mambo matatu na yote yanaingia kwenye ukurasa mmoja. La kwanza idadi, 500 inatosha, na kama wanaogopa gharama wachukue akili ya Virginia, DMV ijilipe kwanza kutoka kwenye pleti za mwanzo, ila wasiweke kizingiti cha 1,000, waseme gharama halisi ikisharudi basi, hata kama ni kwenye pleti ya 300. La pili ile nusu ya maliasili. Anayenunua pleti ya chuo anajua anamchangia mwanafunzi, apewe anachoamini anakitoa. Najua watu wa mazingira watapiga kelele lakini kwa pleti za chuo kimoja ile nusu yao ni hela kidogo mno kwenye bajeti ya jimbo, kwa skolashipu ni mara mbili ya watoto.

La tatu ndo nalipenda zaidi. Iwepo pleti moja ya Cal State zote, muundo mmoja, Folsom watengeneze aina moja, polisi wajifunze aina moja, na kwenye fomu mnunuzi aandike hela yangu iende kampasi gani. Hapo ile hoja ya zana na ya jicho la polisi inakufa, na zile kampasi ndogo zinapanda mgongoni kwa kubwa. Hata 5,000 yenyewe kwa kampasi ishirini na kitu zikiungana ni kama 230 kila moja. Wahitimu wa Cal State ndo waalimu wa watoto wetu huku, ndo manesi, ndo wahasibu, ndo askari wanaokusimamisha, magari yao ni mengi kuliko ya chuo chochote.

Na kwa waswahili wenzangu wa huku, Los Angeles, San Diego, Sacramento na Bay Area, watoto wetu wengi hawaanzii UCLA. Wanaanza chuo cha jamii miaka miwili, wanahamia Cal State iliyo karibu na nyumbani ili wasilipe kodi ya chumba, wanafanya kazi Amazon au kwenye nyumba za wazee jioni. Wazazi tunawachangia kama tunavyochangia harusi, kwenye grupu la WhatsApp, huyu 50 yule 20. Dola 40 kwa mwaka kila gari ni kitu ambacho tungetoa bila hata kikao.

Wiki iliyopita binti kaletewa ile karatasi ya DMV ya kulipia usajili wa gari lake, kanipigia nimsaidie kuisoma. Tukaenda mstari kwa mstari kwenye simu, ada ya usajili, ada ya polisi wa highway, ada ya thamani ya gari, ada ya kaunti, jumla chini kabisa. Akaniuliza mjomba ile ya pleti ya chuo uliyokuwa unaniambia ingekaa wapi hapa. Nikamwambia ingekuwa na mstari wake, dola 40. Akanyamaza kidogo akasema hizo ningelipa, nisingekunywa kahawa za nje wiki mbili.